Chupa Yenye Suti

Mwanangu,

Nimekimbilia dukani kununua mkate na jibini. Osha glasi sita, zina vumbi la mwaka mzima. Wenzangu wa kuonja mvinyo wanafika saa kumi na moja.

Asubuhi nilikufokea nimefumba macho, ukadhani nimerukwa na akili. Sikutaka kuona lebo ya chupa. Zamani, kila mwezi mmoja wetu alileta mvinyo wa bei nafuu aliouvumbua, chupa imefunikwa, tuonje kwanza ndipo atuambie ni upi. Wengine tulizifunga kwa magazeti. Marehemu mwenzetu, fundi cherehani, alizishonea zake suti kwa vitambaa vilivyobaki. Hiyo uliyoifumua ukacheka kuwa ni ya bei ya kutupa ndiyo yake ya mwisho, aliiacha hapa kabla hajalazwa.

~~Irudishe kabatini, isiguswe.~~

Hapana. Ishonee tena suti yake, sindano iko kwenye kopo la majani ya chai. Leo tunaifungua.

Ila aliyeleta chupa ndiye aliyejua jibu, na alitakiwa kunyamaza huku sisi tukibishana. Fundi alishindwa kujizuia kila mara, akaangua kicheko. Sasa anayejua ni wewe peke yako. Vuta kiti chake, ukae nasi.

Ukicheka leo, sitakufokea.

Shangazi yako