Mazimwi Yetu Yameshinda

Laini Saba, Kibera,
Nairobi.
18 Agosti 2025

Mpendwa dadangu Sabah,

Asalaam aleikum, na niaje pia, maana najua huko Winnipeg unaweza kumaliza wiki nzima bila mtu kukuambia niaje. Mwili unasemaje? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuwainua wagonjwa wako umepoa? Shemeji Faisal je, amezoea zamu za alfajiri? Na mtoto wetu Umar, bado anakataa kuvaa glavu? Mwambie shangazi yake wa Kibera amesema avae.

Sisi huku tu wazima, Alhamdulillah. Baba yako, yaani ami yangu, presha imetulia, daktari amempunguzia dawa. Habuba Fatna anapigia kila mtu kelele kuanzia alfajiri, kwa hivyo ujue nyanya yetu ni mzima kabisa. Ile siku aliyonyamaza mwezi wa tano ndiyo tuliyomkimbiza hospitali.

Nilitaka kukupigia simu, lakini laini ingekatika katikati, na hii habari haitaki kukatwa. Kwa hivyo tafuta kikombe cha chai, ukae, usome polepole. Tumeshinda, Sabah!

Unajua kwamba Habuba alitupa kile chumba cha mbele, ambacho marehemu Babu alikuwa akishonea kanzu. Mimi na Chris, yule fundi wa simu wa kando ya reli, tunakutana humo na vijana kila Jumamosi kusoma manga, zile katuni za Kijapani. Na sisi hatusomi za kuchekesha. Tunapenda zile nyeusi tii, za mazimwi, makaburi na watu waliolaaniwa. Wengi wetu tulizianza kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka, tukikaza macho. Kisha Chris akaanza kuvizia marobota ya vitabu vya mitumba soko la Toi, na kila akipata kimoja anakileta amekikumbatia kama mkate wa moto. Rafu ya Babu iliyokuwa na majora ya vitambaa sasa imejaa.

Wewe uliwahi kuniuliza kwa nini watu wa hapa, ambapo moto unaweza kula mstari mzima wa nyumba kabla chai haijachemka, wanataka tena kusoma vitu vya kutisha. Nimefikiria sana. Nadhani ni kwa sababu ndani ya kitabu zimwi lina uso. Unaliona linavyokuja, na kuna mtu anasimama mbele yake.

Mfululizo tunaoupenda kuliko yote tunauita Binti Kaburi. Kuna mji ambao zimwi linakula majina ya waliokufa. Jina likishaliwa, hakuna anayeweza kulitamka tena, hata mama mzazi, na marehemu hapati kupumzika. Kaka wa huyu binti amekufa na jina lake limeliwa. Baba yao ni mchimba makaburi. Binti anachukua sepetu ya baba yake na kutoka kwenda kulitafuta lile jina.

Sasa, kati ya wasomaji wetu kuna msichana anaitwa Adhis. Kwao ni Kawangware 46, lakini wikendi huja kwa mama yake mdogo hapa Laini Saba. Ni mpole mpaka unasahau kwamba yumo chumbani. Anakaa kwenye kona, anasoma, anarudisha kitabu, anasema asante, anaenda. Mwezi wa sita aliniomba aende nacho nyumbani kitabu cha kwanza cha Binti Kaburi. Nikampa.

Mama yake akakipata chini ya godoro.

Mama Adhis anaitwa Angeline. Ana saluni Kabiro, huko huko Kawangware, na kanisani kwao ndiye kiongozi wa maombi. Jumamosi iliyofuata alifika hapa kwa miguu yake, na kina mama wenzake nyuma, kitabu amekishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Alikuwa amekunja ukurasa mmoja. Akaufungua mbele ya kila mtu hapa uwanjani kwetu: zimwi limejaa kurasa mbili nzima, mwili wote midomo, na ndani ya kila mdomo ulimi.

“Ni nyinyi mnafundisha mtoto wangu kuabudu mashetani?” akauliza. “Tangu aanze kuja hapa haongei. Anakaa kwa nyumba kama ukuta. Hizi vitabu nataka zichomwe, na nikiziona zikichomwa ndio nitaamini.”

Sabah, baba yako alikuwa anatoka kuswali. Alipoiona ile picha alishika kichwa. Msikitini walikuwa wameshaanza kumwuliza kuhusu hicho chumba, na sasa hata Wakristo wamekuja kulalamika kwake! Akasema Jumapili ijayo, watu wakitoka kanisani, tukutane uwanjani, na kama hatuna la maana la kujitetea, vitabu viende motoni na chumba kirudi kwake. Unamjua Ami Abdelkarim. Akishatamka neno mbele ya watu huwezi kumrudisha.

Ile wiki sikula vizuri. Chris alitaka tuvihamishe vitabu usiku tukavifiche kibandani kwake. Nikamwambia hapana, tukivificha tutakuwa tumekubali kwamba ni vichafu. Akaniuliza, “Sasa utawaambia nini, Malika?” Kila hotuba niliyoitunga nikifua nguo ilionekana kama ya mtu anayeomba msamaha. Ijumaa ndipo nikaelewa kwamba sihitaji kuwaambia kitu. Kitabu chenyewe kina mdomo.

Jumapili uwanja ulijaa. Kina mama wa kanisani bado na vitambaa vyao vyeupe kichwani, kina mama wetu wa Kinubi wamejifunga shuka zao za gurbaba, wamekaa upande wa pili, vijana wote wa Jumamosi wamesimama ukutani kama washtakiwa. Baba yako katikati, kwenye kiti cha plastiki. Adhis kando ya mama yake, macho chini.

Nikasimama. “Mama Adhis,” nikasema, “ile picha iliyokutisha tutaifikia. Lakini hukuanzia mwanzo. Naomba tusome pamoja kutoka ukurasa wa kwanza. Tukifika hapo na bado unataka kukichoma, kiberiti nitaleta mimi.”

Wakaguna. Baba yako akafungua mdomo kukataa, lakini Habuba, aliyekuwa mlangoni akichagua mchele, akasema, “Wacha asome. Lete nikione kwanza.”

Akakipokea na kukifungua upande wa kulia. Mama mmoja wa kanisani akamwambia kwa upole, “Shosho, umeanzia nyuma.”

“Nyuma wapi? Msahafu si unaanzia hapa?”

“Mama, usifananishe!” Baba yako aliruka kitini.

“Sijafananisha. Nimefungua tu.” Na ndivyo manga zinavyosomwa kweli, Sabah, kutoka kulia kwenda kushoto. Wengi wetu tulipotea mara ya kwanza. Habuba, na miwani yake iliyofungwa uzi, alifungua sawasawa bila kuambiwa na mtu.

Nikaanza. Maneno ni ya Kiingereza, kwa hivyo nilikuwa natafsiri huku nasoma, halafu nakigeuza kitabu waone picha. Chris akawa sauti ya zimwi. Unamjua, ana kifua kama ngoma. Alipotamka neno lake la kwanza mtoto mmoja akapanda mgongoni kwa mamake. Nilipofika pale binti anapozungumza, nikasikia mtu akisema, “Hiyo nisome mimi.”

Ilikuwa Adhis. Alitoka kando ya mama yake, akasimama karibu yangu, na sauti iliyotoka, sikuwahi kuisikia. Kubwa, safi, haina haraka. Kuanzia hapo hakuna aliyeguna. Waliokuwa nyuma walisimama, kisha wakasogea, kisha wale vitambaa vyeupe na zile gurbaba wakachanganyika, kila mmoja akitaka kuona kijisanduku kinachofuata. Treni ilipita ikitupigia kelele, na tulipongoja ipite mama mmoja akaitukana.

Tukafika kwenye ukurasa uliokunjwa. Lile zimwi la midomo. Nikawaonyesha kwamba kila ulimi una jina la mtu aliyeliwa jina. Binti haliabudu. Anaweka mguu mmoja ndani ya mdomo ulio wazi, sepetu begani, anaingia. Adhis hakusoma kitabuni, alishayajua maneno kwa moyo. Alimtazama mama yake na kusema:

“Nirudishie jina la kaka yangu.”

Angeline akasimama. Nilidhani anakuja kunipokonya kitabu na nikakikaza. Lakini alibaki pale pale, mkono kifuani, midomo inacheza bila sauti. Halafu akasema, “Oloo.”

Sisi hatukujua kitu. Oloo alikuwa kifungua mimba wake. Pikipiki yake iligongana na lori barabara ya Naivasha mwaka jana. Walimzika Siaya, na waliporudi Kawangware mama akatoa picha zote ukutani, na jina likawa halitajwi nyumbani. Mtoto alikuwa amenyamaza kabla hajakanyaga hapa kwetu. Yeye alikuwa anabeba jina la kaka yake peke yake, hana pa kulisemea.

“Oloo,” Angeline akasema tena, kwa nguvu. “Oloo wangu.” Adhis akamwendea wakashikana pale katikati ya uwanja, na kina mama wa pande zote mbili wakalia nao. Hata mimi, Sabah. Maandishi yote yakawa ukungu.

Angeline alipojipangusa uso, akatuangalia mimi na Chris kama mtu anayedai kitu. “Na huyu msichana? Alilipata hilo jina?”

“Hiyo iko kwa kitabu ya pili, mathe,” Chris akamjibu.

“Si muilete! Mnangoja nini?”

Kicheko kilicholipuka hapo kilisikika mpaka upande wa pili wa reli. Vijana walikuwa wanakumbatiana kama Gor Mahia imefunga. Baba yako akajaribu mara ya mwisho. Akasimama akasema picha ni picha, na yeye bado hajaridhika. Habuba akaweka sinia lake chini.

“Abdelkarim, nyumba hii ya nani?”

“Yako, Mama.”

“Basi kaa. Unanizibia.”

Akakaa! Mimi sikuthubutu kumtazama usoni. Lakini nikuambie, na usimwambie kwamba nimekwambia, Jumanne yake alipita kibandani kwa Chris akijifanya simu yake haishiki chaji. Alipokuwa anaondoka akauliza, hivi hivi tu, kama yule mzee mchimba makaburi anabaki hai.

Siku hiyo tulisoma mpaka chai ya jioni, na tangu hapo Jumamosi chumba hakitoshi. Kina mama wanakuja na ukili wao na mboga za kuchambua. Vitabu viko kwenye rafu na ufunguo ninao mimi.

Halafu kuna Kabiro. Angeline hafungui saluni Jumatatu, na vijana wa Kawangware walikuwa wanateseka kuvuka mji kuja kwetu. Akasema saluni ikae bure ya nini, waje wasomee hapo. Yeye mwenyewe akaandika kwa rangi nyekundu juu ya kioo: JUMATATU MANGA. Kitabu cha mwisho cha Binti Kaburi kilikuwa kimetushinda kabisa kukipata, Chris alikuwa ameligeuza soko la Toi juu chini. Unajua nani alikileta? Wale kina mama wa vitambaa vyeupe. Walikiagiza kutoka nje, na kilipofika kikakaa kwenye meza ya kanisa mpaka siku ya kufungua.

Tukafungua Jumatatu iliyopita. Habuba alikataa kubaki nyumbani. Akapanda bodaboda, Sabah, kutoka Laini Saba mpaka Kabiro, akimwelekeza mwenye pikipiki njia, na akashukia mlangoni kama balozi. Wakampa kiti kizuri, kile chenye kofia ya kukausha nywele. Baba yako alikuja pia, akasema amemsindikiza tu.

Angeline ndiye aliyesoma. Kwa Kiswahili chake na Kijaluo hapa na pale akizidiwa. Mwishoni zimwi limemzingira binti, sepetu imevunjika, na watu wa mji, waliokuwa wamejifungia majumbani kwa woga, wanatoka mmoja mmoja na kuanza kuita majina ya watu wao, yale ambayo binti ameyanyakua kwenye zile ndimi. Kila jina linaloitwa, mdomo mmoja unafungwa. Angeline alipofika hapo akashusha kitabu na kumwita Oloo. Mama mwingine akamwita mumewe. Kisha saluni nzima, na wapita njia waliokuwa wamejaa mlangoni, makanga wa matatu, wauza mahindi, kila mtu na wake, kwa sauti kubwa, bila kulia. Nilimsikia baba yako akimwita mamako, Sabah. Jina lake lote, na la baba yake.

Adhis akasoma ukurasa wa mwisho. Zimwi lina mdomo mmoja tu uliobaki, na haliwezi kula hata utitiri. Binti analipita, jina la kaka yake mdomoni, anaenda nyumbani kula.

Makofi yalitikisa vioo. Watu wanapiga vigelegele, Chris amebebwa juu, Angeline anacheza na chanuo mkononi. Na chini ya ile kofia ya kukausha nywele nyanya yetu akainua fimbo watu wanyamaze.

“Ni nzuri,” akasema. “Lakini hii ilikuwa ya watoto. Sasa tafuteni ya kutisha.”

Nisalimie sana shemeji Faisal, na umbusu Umar mashavu yote mawili. Baba yako anakusalimu; yuko hapa dirishani, anajifanya haoni ninachoandika. Habuba anasema ule vizuri, na uvae soksi. Chris, Adhis na Mama Adhis wanakusalimu ingawa hawajakuona, maana jina lako hapa linatajwa kila siku. Mungu akulinde kwenye njia zako zote za barafu, aipe nguvu mikono yako kwa wagonjwa wako, na atukutanishe tukiwa na afya na vicheko.

Mimi wako wa damu, nikupendaye leo na siku zote,

Malika