Jina Lililonizuia Kuandika Wosia

Hallunda, Stockholm

Mjukuu wangu Neema,

Barua yako imetukuta wazima. Goti la nyanya yako limepata nafuu, amerudi kwaya.

Unauliza kwa nini baba yako anaahirisha kuandika wosia. Usimharakishe. Miaka ya themanini nami nilikwepa, nikimwambia nyanya yako kwamba kuandika wosia ni kujitakia kifo. Haikuwa kweli. Nilikuwa sijamwambia kwamba kabla hatujaoana nilizaa mtoto Kisumu, yaani baba yako. Sikuweza kumwandika, wala sikuweza kumwacha.

Siku moja, tukirudi na treni kutoka sokoni Skärholmen, nilimweleza yote. Aligeukia dirisha. Nilijua nimeivunja nyumba yangu.

Kisha akauliza, "Anaitwa nani?"

"Daudi."

"Basi mwandike wa kwanza. Si ndiye mkubwa?"

Nililia mbele ya abiria, bila haya. Tulipofika nyumbani niliandika ukurasa mzima bila kusita, kisha nikala sahani mbili za ugali.

Krismasi ile tulimtumia Daudi tiketi. Nyanya yako alikataa nimfuate uwanja wa ndege. Alitaka kumpokea mwenyewe.

Babu yako