Goti la Fifi Limevimba, Nami Nilimwambia Acheze

Mama Clémentine mpendwa, nakuandikia na hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, unisamehe mwandiko, lakini mechi ni Jumapili na neno hili sijamwambia mtu yeyote. Usinifiche jina, hapa Kabambare watanijua tu. Mimi ni Estelle, nina miaka ishirini na minne, na kwa miaka minne nilikuwa kapiteni na mshambuliaji wa ekipe ya mpira ya wanawake ya hapa kwetu.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, goti langu la kuume lilianza kuvimba baada ya mazoezi, nikamwambia kocha wetu Salomon, akasema ni uchovu, nikamwambia tena, akasema natafuta njia ya kukimbia mechi ya Lusangi, na siku ya mechi yenyewe, wakati wa mapumziko, nikiwa nimekaa ndani ya darasa la shule nashindwa kukunja mguu, akamwita mtu mmoja anayeuza dawa sokoni, akanichoma sindano ya kuua maumivu palepale juu ya benchi, na kocha akanisimamia: "Simama Estelle, acha butoto, watu iko nakungoja." Nikasimama. Nikarudi uwanjani sisikii chochote gotini, nikadhani nimepona, na dakika kumi hazijaisha nikakanyaga ili nigeuke na mpira, mwili ukageuka, goti halikugeuka. Mlio wake niliusikia mimi, na beki wa Lusangi aliusikia, maana alishika kichwa kwa mikono miwili akaanza kulia kabla yangu.

Nilisafirishwa mpaka Kasongo juu ya pikipiki, mguu umefungwa kwenye kipande cha ubao, siku mbili, na huko kine mmoja anayeitwa Cirhuza, ambaye kazi yake ni kufundisha viungo vilivyoumia vifanye kazi tena, akanigusa goti, akasema mshipa wa ndani umekatika. Nikauliza nitarudi lini kucheza. Akasema: "Kwanza tutafute namna ya kutembea."

Miezi tisa nilikaa hukohuko Kasongo kwa shangazi yangu Marcelline, nikiinua mfuko wa mchanga uliofungwa kwenye kifundo cha mguu, nikipanda na kushuka ngazi ileile ya kanisa mpaka watoto wa katekisimu wakanipa jina la Mama Ngazi, na miezi hiyo yote, Mama, kocha alikuwa anasema huku nyumbani kwamba nilimficha maumivu kwa kupenda sifa, akasema sokoni, akasema mbele ya baba yangu, na baba akaamini. Nilipofika nyumbani na gongo langu hakuniuliza goti liko namna gani. Alisema: "Kichwa ngumu ndiyo ilikuvunja." Na yule wa sindano anakana hata kunijua.

Sasa nafika kwenye ubaya wangu. Fifi, mwenye miaka kumi na tisa, ndiye aliyechukua nafasi yangu, na anacheza vizuri kuliko mimi, naandika hivyo ili ujue sikufichi kitu. Wiki mbili zilizopita alikuja kwetu nikiwa namenya mihogo, akakaa, akapandisha kitenge, akanionyesha goti la kushoto. "Yaya," ndivyo anavyoniita, kama dada yake mkubwa, "angalia, kila nikitoka mazoezi inavimba. Yako ilianzaka namna gani?" Mama, niliangalia lile goti nikaona langu. Nikamwambia: "Yangu haikuanzaka hivi. Hii si kitu. Paka mafuta ya mawese ya moto, endelea kucheza." Akanishukuru. Akanisaidia kumaliza mihogo, akaenda.

Nilisema hivyo kwa kusudi. Nilitaka aanguke kule Salamabila Jumapili, mbele ya wachimba dhahabu wote na wakubwa wote, ili kila mtu aone kwamba Salomon anavunja watu, ili baba yangu aone. Fifi hakunikosea kitu. Jana nimemuona yule mwenye sindano akiongea na kocha pembeni ya kiwanja, ndipo nikatafuta karatasi nikuandikie. Lakini nikisema sasa watasema kiwete anamuonea wivu mzima, na sitakuwa na la kujibu, kwa sababu wivu upo. Na kosa si la kocha? Kwa nini mimi ndiye nimsemee mtu, wakati mimi hakuna aliyenisemea? Namba ya simu yangu iko chini.

Estelle, Kabambare

MAMA CLÉMENTINE ANAJIBU

Estelle, la kocha ni la kocha, nitalifikia. Lile la mafuta ya mawese ni lako.

Barua yako ilinifikia hapa Kasongo Alhamisi asubuhi kwa mkono wa dereva wa pikipiki, na kipindi chetu cha redio ni Jumamosi. Ulidhani nitakaa siku mbili na goti la mtoto wa watu mfukoni? Nilikupigia simu kabla sijamaliza chai. Wasikilizaji, yaliyofuata nayasema kwa ruhusa yake na ya nyumba ya Fifi.

Nilimwambia: "Enda sasa hivi." Akasema: "Mama, nianze wapi?" Nikamwambia: "Anza na uongo wako. Ukianza na kocha, watasikia wivu tu."

Akaenda na gongo lake. Akamkuta Fifi na mama yake, Mama Anastasie, wanaanika mpunga uani. Akasema yote, hata lile la kutaka aanguke, akaomba msamaha. Fifi akatupa ungo. "Mimi nilikuwa nakuita yaya!" Akaingia ndani, na mpaka leo hajasema naye neno. Mama Anastasie hakutukana mtu. Alichukua viatu vya mpira vya binti yake, akatembea navyo mpaka kiwanjani, akavitupa mbele ya miguu ya kocha, ekipe nzima inaangalia. "Unataka hivi viatu vikimbie kule Salamabila? Vaa weye." Wachezaji wawili wakavua vyao wakaviweka kando ya vile. Mwenye sindano alikuwa amekwisha kupanda pikipiki.

Fifi hachezi kesho. Amekasirika na kila mtu, na ana haki.

Kocha Salomon, najua unasikiliza, maana jana ulinipigia kuniuliza nani amenipa ruhusa ya kuingia katika ekipe yako. Nakujibu hapa hapa. Mtu alikuambia mara mbili kwamba anaumia, wewe ukamziba goti kwa sindano lisiweze kulia, kisha ukazunguka soko zima ukimwita mwongo. Huo si ukocha. Kama una la kujitetea, njoo studio, kiti kipo, na utajibu mbele yake.

Papa Tambwe, baba yake Estelle, na wewe unasikia. Mtoto alirudi na gongo hukumuuliza anaumia wapi. Muulize leo, kisha ukae chini usikilize mpaka amalize.

Sasa wewe, Estelle. Miezi tisa ulipambana bila mtu wa kukusemea, na niliposoma hapo nilipiga meza mpaka kikombe kikamwagika. Hasira yako ni halali. Lakini uliibeba ukaenda kumwekea mtu aliyekaa nawe kumenya mihogo, na ungelala vipi kama angeanguka? Ungebaki na goti bovu, na baba yako angesema tena kichwa ngumu, safari hii kwa vichwa viwili.

Fanya hivi. Andika karatasi: siku ya mechi, darasa, benchi, jina la mchoma sindano, maneno ya kocha. Mtafute yule beki wa Lusangi aliyelia, aweke jina lake chini. Peleka kwa kamati ya ligi, ubaki na nakala. Ukiitwa mwenye wivu, sema ndiyo, nilikuwa nao, sasa someni karatasi. Katika simu uliniambia wiki tatu hujafunga ule mfuko wa mchanga. Ufunge leo, kabla ya kula. Mpira utarudi au hautarudi, kine ndiye atakuambia, lakini mguu wa kukupeleka shambani na kanisani unautaka mpaka uzee.

Na Fifi usimuombe msamaha mara ya pili. Umeshaomba, mwachie.

Jumatatu asubuhi mama yake anampakia pikipiki kuja kwa kine Cirhuza. Panda pikipiki ya pili, umfuate. Asipokusemesha siku zote mbili za njia, usimbembeleze, wala usirudi nyuma. Mkifika, kaa nje ya mlango wa kine mpaka atoke. Akitaka bega la kuegemea, alikute hapo. Asipolitaka, kaa tu.