Gramafoni ya Wifi Leonida

Hyasinta, nimefufua gramafoni kwa mikono yangu! Haya, mikono ya fundi Josephati. Mimi nilishika tochi.

Mwenzangu, nimeumbuka! Nimejificha jikoni.

Wifi Leonida kapita, kasikia muziki, kaingia. "Hii si yangu niliyokuazima mwaka 79? Si ulisema mafuriko ya mto Baray yaliibeba?"

Unakumbuka alivyoniletea kuku wa pole!

Nikamwambia imeokotwa juzi kwenye matope ya Ziwa Eyasi. Matope, Hyasinta! Nimesema matope!

Josephati akadakia, hata hakuulizwa: "Bibi, nimebadilisha mkanda, sindano na spika tu. Ndani hakuna hata chembe ya kutu."

Leonida kanitazama weee. "Miaka yote hii nakuonea huruma. Kumbe yalikuwa mafuriko makavu?"