Nyota za Mama

Tarehe 6 Februari

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya Jumapili ambayo hukuisikia kwenye simu. Huku mimi ni mzima, kile kikohozi kimekwisha. Sukari yako je? Macho yanaona tundu la sindano bado? Masikio siyaulizi, nayajua.

Simu imetushinda, mama. Juzi nimekuuliza kama umekula, ukanijibu kwamba mvua imenyesha. Bora barua, angalau unaisoma mara mbili na kunijibu ninachouliza.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi. Usikifungue kwa mkasi, nakujua. Ndani kuna kishikwambi, kile kifaa bapa cha kioo, mfano wa simu kubwa. Pale kliniki ya kisukari wagonjwa wanakaa kwenye benchi tangu alfajiri wakisubiri kuitwa, na sisi wauguzi hatuna muda wa kumwelimisha kila mmoja. Basi nimepewa kazi ya kutengeneza masomo: picha, maandishi makubwa, maswali mwishoni. Mgonjwa anasoma, anajibu. Jibu likiwa zuri inatoka nyota na neno "Hongera!" Likiwa baya kioo kinakuwa chekundu, anaambiwa afanye nini. Nyota ni wazo langu, usicheke.

Nataka wewe uwe mgonjwa wangu wa kwanza. Ukielewa wewe, mshonaji usiye na muda wa upuuzi, wote wataelewa. Majibu yako yatanifikia huku huku ofisini.

Bonyeza kitufe cha ubavuni, usikiachie mpaka kiwake. Kitakuomba namba ya siri: andika mwaka niliozaliwa. Kisha gusa picha ya moyo. Kwa ncha ya kidole, mama, siyo kwa kucha wala kwa sindano. Bando nimekuwekea.

Niombee. Wakuu wa wizara wanakuja mwezi wa Mei kuyakagua masomo haya. Wakiridhika, masomo yatakwenda kliniki zote nami nitaajiriwa moja kwa moja. Wasiporidhika, mkataba wangu unaishia hapo.

Ni mimi,
kitinda mimba wako

---

Tarehe 21 Februari

Mwanangu, daktari wa nusu bei,

Marahaba. Na ile ya Jumapili marahaba pia, ingawa imechelewa njiani. Mimi sijambo, naungaunga kama nguo ya mtumba, lakini bado ninavalika. Wewe kula. Sauti yako kwenye simu siisikii, lakini nasikia kwamba umekonda.

Kifurushi nimekifungua kwa mkasi. Nisamehe, mkono ulikwenda wenyewe. Kifaa kimesalimika, hicho kishi-nini-sijui. Jina refu kuliko kitu chenyewe! Mimi nakiita kibao.

Nilibonyeza ubavuni kama ulivyosema, kikawaka, kikanionyesha alama ya betri, kikazima. Lo! Nikajua nimekiua. Nikakifunika kitambaa kama maiti na nikamwita jirani yangu Mama Mapacha aje kushuhudia. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe kina njaa ya umeme tu. Tukakichomeka. Kilipoamka nikaandika mwaka niliofunga ndoa, kikakataa. Nikaandika mwaka wa msiba wa baba yako, kikakataa. Ndipo nikaisoma tena barua yako. Kinakutambua wewe tu, kama mbwa wa tajiri.

Somo la kwanza nimelimaliza. Umeandika pale juu "Mficha maradhi kifo humuumbua." Nikasema, huyu mtoto anamfundisha mamake methali! Chini kuna kitufe cha "Nimeelewa", nikakibonyeza. Swali la sukari kwenye chai nilikosea mara ya kwanza, kioo kikawa chekundu, moyo ukanipasuka. Nikarudi nyuma nikajibu vizuri, nyota ikatoka. Nilipopata nyota hiyo Mama Mapacha alipiga kigelegele.

Mwanangu, kila ulipofanya mtihani nilikaa nje ya geti la shule na kikapu changu, sina cha kukusaidia, hata hayo maswali yenyewe sikuyajua yanafananaje. Safari hii angalau nami nimeingia ndani.

Mimi mamako

---

Tarehe 10 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekula, nimenenepa, usinikondeshe kwa barua. Nawe hujambo? Msalimie Mama Mapacha, mwambie nimesikia vicheko vyake.

Mama, umeniua! Nyota zote! Mganga mkuu wa kliniki yetu amepita mezani kwangu akauliza, "Mgonjwa gani huyu hakosi?" Nikamwambia ni mama yangu, mshonaji. Akasema, "Basi huyo ndiye tutakayewaonyesha wakuu." Nilitamani ungekuwepo ukaniona ninavyojidai kwenye korido.

Sasa linakuja somo la miguu, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kisukari huua hisia za miguu, mtu anaweza kukanyaga kitu kikamchoma asijue. Kwa hiyo kila siku weka kioo cha kujitazamia chini sakafuni, inua mguu juu yake, ukague unyayo. Kisha kibao kitakuuliza maswali. Najua kwako ni maji ya kunywa.

Endelea hivyo hivyo, mama. Usiniangushe!

Kitinda mimba wako

---

Tarehe 17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu, nipo. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi, watu wanataka sare za shule, na wewe unamjua mzazi mwenye sare, anakaa mlangoni utadhani amekuja kunyang'anya.

Somo la miguu nimelifanya. Nimechukua kioo kile cha wateja nikakilaza chini. Nyayo zangu sijaziona tangu nilipokuwa msichana. Zimezeeka zenyewe bila kunipa taarifa. Nyota umeziona? Zimefika zote? Angalia vizuri kama zimefika.

Siku hizi nakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto. Wa kulia nimeupa likizo, umenitumikia sana. Mshono unakwenda mwendo wa kinyonga, lakini unakwenda.

Humu ndani kuna panya amekufa mahali. Mama Mapacha ndiye aliyeinusa harufu kwanza. Tumehamisha kabati, tumehamisha majora ya vitambaa, tumemulika tochi mpaka chini ya kitanda, hatumwoni. Nimefungua madirisha.

Hao wakuu wanakuja tarehe ngapi hasa? Na wakishaondoka, wanarudi tena kuangalia majibu, au ndiyo basi?

Mamako

---

Tarehe 19 Mei

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! U hali gani? Kaa chini kwanza ndipo usome.

Nimeajiriwa! Wakuu walikuja jana. Mganga mkuu akawasha kishikwambi akawaonyesha ukurasa wako, somo baada ya somo, nyota tupu. Mmoja wao akasoma kwa sauti: "Je, una kidonda mguuni? Hapana. Je, miguu umeikagua leo? Ndiyo." Akasema, "Huyu mama amefundishika." Watu wakapiga makofi, mama. Wewe ulikuwa unashona sare huko wala hujui kwamba chumba kizima kinakupigia makofi. Nikalia mbele za watu.

Huyo panya wako mwekee mitego, maana wengine watakuja kumzika. Au ndiye aliyekula karatasi zako? Mbona barua zimekuwa fupi, na hii ya mwisho mwandiko umepinda? Nami nisamehe, mwezi mzima umepita sijakujibu. Naomba likizo nije Agosti. Nitakununulia cherehani ya umeme, upumzishe miguu yote miwili.

Mwanao uliyemtoa kimasomaso,
kitinda mimba

---

Tarehe 8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Leo sikuambii kwamba sijambo. Nakuandikia nikiwa kitandani hospitali, karatasi nimeiweka juu ya sinia la chakula. Mama Mapacha yupo hapa, amenikataza kukuficha tena. Ametoa maneno ambayo mke wa mtu hatakiwi kuyajua.

Hakukuwa na panya. Ni mguu wangu.

Nilidondosha pini za kushonea, moja ikaingia kwenye ndala. Nikashinda nayo nikikanyaga cherehani, sikusikia kitu. Nisingelijua kabisa, ila kile kibao kiliniambia niweke kioo chini. Nikaweka, nikaona tundu, jeusi pembeni. Kwa hiyo usije ukasema somo lako halifundishi. Lilinifundisha, nikaona.

Kibao kikauliza, "Je, una kidonda mguuni?" Nikagusa "Ndiyo." Kikawa chekundu kioo kizima. "Nenda kliniki leo." Na nyota haikutoka. Nikakaa nikiutazama ule wekundu, nikasema masikini mwanangu, nimemfelisha. Wakuu wataona mgonjwa wake wa kwanza, tena mama yake mzazi, ameoza mguu. Nikarudi nyuma nikagusa "Hapana." Nyota zikatoka, na "Hongera!" juu yake.

Kliniki sikwenda. Niliona kwamba wakiniandika huko, maandishi yao yatakufikia kwenye hivyo vibao vyenu. Nikasema ngoja wakuu waje waondoke, kisha nitakwenda. Nikawa naosha kwa maji ya chumvi. Ulipoandika kwamba umeajiriwa, nilicheka peke yangu mpaka machozi, na siku hiyo hiyo nikamwambia Mama Mapacha anitafutie gari. Lakini mguu nao ulikuwa haungoji wakuu.

Daktari anasema wataukata chini ya goti kesho kutwa. Ni mguu wa kulia, wenye kazi. Nimemwambia achukue tu, lakini anirudishie ndala, ile iliyobaki isijione mjane. Hakucheka. Madaktari wa bei kamili hawana utani.

Najua utakasirika. Kasirika, ni haki yako. Wamesema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi nilikuchelea, sasa tunalia wawili. Lakini usijilaumu kwa zile nyota. Mtoto wa mshonaji, ungejuaje kwamba mamako anauona kila mtihani kuwa ni wako?

Kitu kimoja tu nakuomba, wewe mwenye kibao. Usimuulize mtu kama ana kidonda. Mwambie avue viatu.

Njoo ukiweza. Ukichelewa usikimbie, barabara mbaya.

Mimi mamako

---

Tarehe 23 Agosti

Mama,

Kila barua nimeianza kwa kukuuliza hali. Leo nimeshika kalamu tangu asubuhi na sijui nikuulize nini.

Nilifika, ulijua? Mama Mapacha anasema ulinijua. Walikuwa wamekwisha kuukata, lakini sumu ilikuwa imepanda kwenye damu. Nilikaa pembeni ya kitanda na ujuzi wangu wote, nikahesabu mapigo yako kama muuguzi, kisha nikaacha kuhesabu, nikakushika tu mkono kama mtoto. Ulifungua macho ukanitazama shingo, ukasema nimekonda. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Sikukonda, mama. Ulisema uongo mpaka mwisho.

Nimekukasirikia. Umenipa ruhusa, nimeitumia. Nilikukasirikia mazishini, nikakukasirikia nilipokuta ndala yako ya kushoto chini ya cherehani. Kisha nikaisoma ile barua yangu, nikaona nilipoandika "Usiniangushe." Nikafanyia utani harufu ya mguu wa mama yangu. Umesema nisijilaumu, lakini hilo siwezi kukutii. Mimi ndiye niliyeweka zile nyota. Nilimpa mgonjwa hongera kwa kuwa mzima, na mwenye kidonda nikamwashia wekundu kama mkosaji. Nani asingesema "Hapana"?

Niliporudi kazini nilikwenda kwa mganga mkuu nikamwonyesha barua yako. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Nikamwambia ama nyota ziondoke, ama niondoke mimi. Tumeziondoa. "Hongera" nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe, kila ilipokuwa. Wekundu pia hakuna. Ukifungua somo la miguu sasa limeandikwa hivi: "Huu si mtihani wa mtu yeyote. Vua viatu umwonyeshe muuguzi." Maneno ni yako, picha ya kioo nimeiacha.

Jana amekuja mzee mmoja, fundi viatu, mara yake ya kwanza. Nikampa kishikwambi, nikamwonyesha pa kugusa. Akakisoma polepole kwa kidole, akaniangalia, akauliza kwa sauti ya chini, "Binti, wakikuta mguu wangu mbaya, wewe hutapata matatizo?"

Nikamwambia, "Sitapata, mzee wangu. Vua tu."

Akavua. Mguu ulikuwa mzima, mama. Mkavu, una vumbi, hauna hata mkwaruzo. Nikaushika mikononi nikalia, wala sikuweza kuuachia. Masikini mzee wa watu akaniuliza kama umeoza.

Barua hii nitaiweka kwenye droo ya cherehani yako, pamoja na zile pini. Marahaba hutaniitikia, najua. Hata kwenye simu ulikuwa hunisikii, na nilikuwa nasema tu.

Shikamoo, mama.

Kitinda mimba wako