Aliyefiwa ni Nani?

Jumapili, 31 Desemba 1995

Na vile nilivyotoa hotuba! Leo wapenzi wa kanda tulikutana mjini kwa Shabani kuchagua wimbo wa mwaka. Nikashuka na kanda yangu kutoka Mgeta, nikawaeleza jinsi mwimbaji wangu anavyoburuta maneno kama mtu aliyefiwa. Wimbo huo nimeulilia kwenye redio yangu ya betri tangu Pasaka.

Shabani akaitia kanda kwenye redio yake ya umeme. Loo! Kumbe ni wimbo wa harusi, tena wa mbio!

"Mwenzetu, hapa hakuna aliyefiwa," akasema Shabani. "Zilizokufa ni betri zako! Zianike juani."

Walicheka mpaka chai ikawapalia. Halafu wakauchagua, wakaucheza.

Nimesharudi nyumbani. Betri sizianiki ng'o. Namtaka mfiwa wangu.