Nisipoita, Feri Haiendi

Jumanne, 6 Agosti 1957

Viganja vinawaka. Tangu alfajiri tunavusha malori na ng'ombe, kamba nene ya katani ya kuvutia feri haina huruma. Mnyapara Swaleh kanipa kazi ya kuita kwa sababu nina kifua cha kuimba. Naita wimbo, wenzangu wanaitikia, tunavuta pamoja. Nisipoita kila mtu anavuta kivyake, feri inakwenda upande, mto unaisukuma. Kwetu Wundanyi, Taita, hakuna mto kama huu wa Tana. Nimechoka. Nalala.

Alhamisi, 8 Agosti

Baraza sokoni Garsen! Karani wa serikali kasoma sheria mpya. Mtu akishtakiwa hapa, wazee hawaamui kesi yake tena. Atapelekwa wilaya nyingine, ahukumiwe na watu wasiomjua. Wa kwanza ni Diba, mchungaji wa Kiorma. Ng'ombe wake walikula mahindi ya Mama Hulda, Mpokomo wa Kilelengwani.

Lakini kesi hiyo imekwisha! Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakakata shauri: Diba amjengee mama ua wa shamba, amletee maziwa mpaka mahindi mapya. Ua umefika nusu, na sasa askari wamemkamata.

Mzee mmoja akauliza, leo Diba, kesho nani? Karani akakunja karatasi. Tukamzomea — na mimi! Shule niliachia darasa la tatu, lakini kuzomea najua.

Ijumaa, 9 Agosti

Leo! Watu wametoka msikitini, hawakwenda nyumbani, wamekwenda ofisini kwa karani. Wapokomo nao wakaja, wanawake mbele. Vumbi, vigelegele! Mama Hulda kabeba fito za ua wake.

"Mwanangu," akamwambia karani, "mahindi yaliyoliwa ni yako au yangu?"

Karani akasema ni yako, mama.

"Basi mjenga ua wangu unampeleka wapi?"

Kicheko! Askari mmoja akageuka ukutani acheke. Diba akapiga kelele kutoka mahabusu: mama, usizipoteze fito hizo, nimezikata kwa jasho!

"Nyamaza wewe! Ng'ombe wako wamenona kwa mahindi yangu!"

Sijacheka hivi tangu nitoke nyumbani. Swaleh akaninong'oneza, Mtaita, haya si ya kwenu. Kweli, si ya kwetu. Lakini nikishtakiwa mimi, huko mbali nani atanijua? Hapa angalau Mama Hulda huniita mwanangu, hunipa ndizi.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika hapa hapa ferini, haraka. Lori la kumpeleka Diba wilaya nyingine limepanda, yeye ndani na pingu. Ukingo umejaa watu — Waorma, Wapokomo, wote! Hakuna aliyetupa hata jiwe. Mama Hulda amepanda na fito zake, ameketi mbele ya magurudumu. Anasema mjenga ua wake akivuka, naye anavuka. Askari wanambembeleza, hashuki.

Swaleh akaniambia, haya, ita. Nikasema koo limekauka. Nikanywa maji. Akasema tena, ita! Nikanywa tena. Akamgeukia Dukicha, mwenzangu wa kamba: ita wewe! Dukicha akasema yeye anajua kuitikia tu. Wengine hivyo hivyo, wanaume wazima, macho chini, wanabana kicheko.

Swaleh kaniinamia sikioni. Leo ukikataa, Mtaita, safari ijayo lorini utakuwa wewe. Hakusema kwa ubaya. Ameogopa. Na mimi naogopa — lakini moyo! Moyo unaruka kama siku ya arusi.

Amekwenda kusema na askari. Diba ananitazama kutoka lorini. Swaleh huyo anarudi na askari wawili. Naficha penseli. Nitasimama mahali pangu, kamba mikononi, mdomo nimeufunga.